Swaumu ya Baba Shafi

Alhamisi ile naikumbuka kama vile imeisha jana jioni, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu ndiyo nashukuru. Mwanangu, vuta mkeka ukae. Hapa uani kwetu Biryogo nikianza hadithi hii watoto wanakuja mbio wenyewe, maana wanajua nitafika pale pa choo na nitaiga sauti ya jirani yetu. Lakini leo sikuiti kuja kucheka tu. Nina jambo nataka uondoke nalo mpaka kwenu, na nikishalisema utaniahidi kwamba utalifanya kabla hujalala.

Wakati huo nywele zangu zilikuwa nyeusi tii, na cherehani yangu ilikuwa hapa hapa barazani. Mume wangu Sadiki, ambaye ninyi mnamwita Babu na mtaa mzima unamwita Baba Shafi, alikuwa na jiko lake la mishikaki pale kwenye kona, lile lile mnalolijua. Nyama ya mbuzi anachoma, sikatai, lakini kilichomletea jina ni zingalo. Wageni wakiuliza zingalo ni nini, nawaambia ni utumbo wa mbuzi uliooshwa ukaoshwa tena, ukasokotwa kwenye kijiti, ukachomwa mpaka ukalia motoni. Watu walikuwa wanatoka maofisini Kacyiru na tai zao shingoni kuja kula zingalo za Baba Shafi, kwa sababu zilikuwa safi. Kuosha utumbo alikuwa hamwachii mtu mwingine hata siku moja.

Sasa Sadiki alikuwa na kaka yake, Yusufu, mwalimu wa madrasa. Mtu mpole, mtu wa heshima zake, sauti haipandi. Yusufu alianza kuona damu akienda choo. Hakumwambia mtu. Alijisemea ni bawasiri, akawa anakalia beseni la maji ya moto na chumvi, ananunua mizizi sokoni, anachemsha, anakunywa. Mimi nilichokiona ni suruali tu. Aliniletea nimpunguzie kiuno, nikapunguza. Akazirudisha nimpunguzie tena. Nikamtania, "Shemeji, unataka kuoa mke wa pili nini, mbona unajikondesha?" Akacheka na yeye, maskini, akaondoka na suruali zake kwapani. Alipokuja kukubali kwenda hospitali, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshatoka kwenye utumbo imefika kwenye ini. Tulimzika kabla ya mvua za mwaka huo kwisha.

Lakini kabla hajafa, daktari wake alimwita mama yao, Bi Zaina, akamweleza jambo moja. Kwamba ugonjwa huu mara nyingine unatembea ndani ya ukoo. Kwamba ndugu wa Yusufu wa tumbo moja wasingoje kuumwa, wakapimwe mapema. Na kwamba mara nyingi unaanza na kijinyama kidogo kinachoota ukutani mwa utumbo, hakiumi, hakiwashi, kinakaa miaka kimya, na kikiwahiwa kinatolewa, habari inaishia hapo.

Bi Zaina, mama mkwe wangu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno machache. Matanga yalipokwisha alimwita Sadiki.

"Nenda kapimwe."

"Mama, mimi siumwi! Nakula, nalala, mbuzi mzima nambeba begani."

"Yusufu alikwenda anaumwa," akasema. "Wewe nenda ukiwa mzima."

Sadiki akatii. Akaenda, akapangiwa siku, Alhamisi. Nesi akamweleza pole pole, kwa Kinyarwanda kilichonyooka: tangu Jumatano mchana usile chakula, kunywa maji na chai ya rangi isiyo na maziwa, na hizi pakiti za unga uzikoroge kwenye maji, unywe zote, jioni na alfajiri. Zitakuharisha, usiogope, ndiyo kazi yake. Utumbo ukiwa safi daktari ataingiza mrija mwembamba wenye kamera atazame ndani.

Mwanangu, ungemwona alivyorudi nyumbani! Kifua mbele!

"Wananifundisha mimi kufunga?" akaniambia. "Mimi Jumatatu na Alhamisi nafunga tangu sijaota ndevu. Siku wamenipangia ndiyo siku yangu. Mungu mwenyewe amepanga."

Nikafurahi na mimi. Sikujua pakiti ziko wapi, nilidhani ameshakunywa kimya kimya kwa aibu yake. Kumbe zilikuwa zimelala kwenye mfuko wake, chini ya taulo.

Hapo lazima nikueleze choo. Ua wetu una nyumba nne na choo kimoja, kipo pale mwisho, mlango wa bati, na mbele ya mlango ndipo sisi wanawake tunapopikia na kufulia. Ukiingia unaonekana. Ukirudi mara ya pili unapewa pole. Ukienda mara ya tatu mtu anakuletea tangawizi. Sadiki alifikiria hizo pakiti na huo mlango, akaona heri afe. Akajipa fatwa yake mwenyewe: mtu aliyefunga tumbo lake tupu, tumbo tupu ni safi, dawa ya nini?

Basi Alhamisi, kabla ya adhana ya alfajiri, akaamka akala daku. Si ndiyo swaumu? Chapati, maharage na kikombe cha uji. Akanuia. Tangu hapo hakugusa hata tone la maji. Tukapanda moto mbili, hizi pikipiki za abiria, mpaka hospitali, yeye mdomo umemkauka, uso umejaa fahari.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mchangamfu. Akamuuliza, "Mzee wangu, dawa umekunywa yote?"

"Dokta, mimi nimefunga. Hata mate sijameza!"

"Umefunga tangu lini?"

"Tangu alfajiri, baada ya daku."

"Daku ulikula nini?"

Wee! Aliposema maharage, yule mama alivua miwani akaipangusa, na mimi niliona anajizuia asicheke. Akamwambia kwa upole kwamba leo hakuna atakachoona, kwamba hata akiingiza kamera itakuwa kama kuendesha gari kwenye matope. Atapangiwa siku nyingine, Alhamisi ya mbele, na safari hii anywe dawa. Lakini watu waliokuwa kwenye benchi walishasikia. Mmoja alirudia, "Maharage!" Benchi lote likaangua kicheko. Sadiki akatoka mle kichwa chini, na tulipofika barabarani akaniambia, "Mama Shafi, mimi huku sirudi. Aibu moja inanitosha."

Nikamsihi, hasikii. Nikanuna, naye akanuna. Siku zikawa zinakwenda, Alhamisi ya pili inakaribia, yeye yuko jikoni kwake anapepea makaa kama hakuna lililotokea. Mimi kila nikimtazama kiunoni namwona Yusufu na suruali zake kwapani. Moyo haukunipa. Nikavaa mtandio, nikapanda kilima kwa miguu mpaka Nyamirambo kwa Bi Zaina, nikamwaga yote, pakiti, daku, maharage. Hakucheka. Akauliza, "Sasa hivi yuko wapi?" Nikamwambia yuko anaosha zingalo. Akachukua fimbo yake.

Tulimkuta na mikono ndani ya beseni mpaka kwenye kiwiko. Wateja wawili walikuwa wamekaa wanasubiri. Bi Zaina akasimama juu yake, hata salamu hakutoa.

"Sadiki. Mbuzi huyu umemchinja saa ngapi?"

"Asubuhi, Mama. Shikamoo."

"Jana alikula?"

"Hapana, Mama. Amefungwa tangu jana, huwa nawalaza na njaa."

"Kwa hiyo utumbo wake umeukuta msafi."

Sadiki akacheka. "Msafi wapi, Mama! Mbuzi hata alale njaa siku mbili, utumbo haukosi uchafu. Lazima uumwagie maji, uugeuze, umwagie tena, umwagie tena, mpaka yatoke meupe. Bila maji mengi huwezi…"

Nakwambia, mwanangu, aliuinua ule utumbo akautazama. Niliona jambo linamwingia kichwani pole pole mpaka likafika.

"Endelea," akasema Bi Zaina. "Bila maji mengi huwezi nini?"

"Huwezi kuuona ndani, Mama."

"Haya. Na wewe una akili kuliko mbuzi, au hamna tofauti?"

Halafu sauti yake ikashuka, na haya ndiyo maneno yaliyonifanya nikae chini pale pale kwenye kibao cha wateja. Alisema, "Mwanangu mmoja amekwenda kaburini na aibu yake. Wameingia wote wawili, yeye na aibu, na haikumsaidia kitu. Wewe sitakuzika kwa ajili ya mlango wa choo."

Baba Shafi alilia. Mwanamume mzima, mikono ndani ya beseni, hana hata wa kumfuta machozi. Nilimfuta mimi kwa ncha ya mtandio. Akasema, "Nitakunywa, Mama. Nitakunywa zote." Na mteja mmoja, ambaye hata hatukumjua jina, akasema "Amina" kwa sauti kubwa kama yuko msikitini.

Basi hapo mimi nikaamua: siri imetuua vya kutosha. Nikaenda moja kwa moja kwa jirani yetu, Mama Claudine. Huyu kakulia Bujumbura, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, na Kiswahili chake ndicho watoto wanachopenda niige. Nikamweleza yote. Akapiga mikono.

"Mama Shafi, hiyo kitu ndogo! Wewe nyamaza, choo muniachie mimi. Mtu yeyote akipita pale kesho, iko atanijua!"

Jumatano mchana alikisugua choo mpaka sakafu ikang'aa. Akaweka jerikani mbili za maji, sabuni mpya, na kitambaa chekundu mlangoni, maana yake hapa pana mwenyewe. Akazunguka nyumba zote nne kuwaambia, wanawake, wanaume na watoto, kwamba leo Baba Shafi anaosha tumbo la kwenda kupimia saratani, na atakayemcheka asije kumwomba chumvi tena.

Sadiki akakoroga pakiti ya kwanza. Akanusa. "Inanuka kama limau lililokasirika," akasema. Akanywa kikombe, akanywa cha pili, akanywa cha tatu. Akakaa kitini akiwa amejinyoosha kama bwana harusi. Tukamtazama. Hakuna kitu. Mara tukamwona macho yanamtoka.

"Baba Shafi, choo iko wazi!" Mama Claudine akapiga kelele. "Kimbia, sha! Komera! Jikaze! Komera!"

Mume wangu alitoka mbio, kanzu kaishika juu, ua mzima ukamshangilia kama kafunga goli. Akirudi anakaa, ananywa, anatoka tena. "Iko wazi! Iko wazi!" Watoto wakawa wanaimba. Safari za kwanza alikuwa anafunika uso. Baadaye akawa anacheka mwenyewe. Na jioni, jua linazama, alitoka mle akasimama mbele ya mlango, akainua mikono yote miwili, akatangaza kwa ile sauti yake ya kuuzia mishikaki:

"Yametoka meupe! Jamani, yametoka meupe!"

Vigelegele vikapigwa! Nilipiga mimi, akapiga Mama Claudine, hata binti wa nyumba ya nne aliyekuwa hatusalimii alipiga. Mbavu sina.

Bi Zaina alikuja alfajiri kuhakikisha anamaliza pakiti ya mwisho. Sadiki akasitasita, akasema, "Leo Alhamisi, Mama, swaumu yangu." Akamjibu, "Kunywa. Mwili huo Mungu kakupa uutunze. Sunna utaifunga Jumatatu." Akanywa.

Hospitali safari hii alilazwa ubavu, akachomwa sindano ya usingizi, na hakujua lolote mpaka walipomwamsha akaomba mshikaki. Hakiumi kipimo hicho, mwanangu, usidanganywe na mtu. Mimi nilikaa kwenye benchi lile lile, tasbihi mkononi. Daktari wa miwani akatoka, akaja kukaa pembeni yangu.

"Mama, leo nimeona vizuri sana," akasema. "Tumbo la mumeo lilikuwa safi kuliko yote niliyoyaona wiki hii."

"Ni kazi yake kuosha matumbo," nikamjibu, sijui hata lilinitokaje.

Akacheka, halafu akaniambia wamekuta vijinyama viwili. Akanishika mkono. Akasema vyote viwili wameviondoa pale pale, akiwa amelala, kwa waya mdogo unaopita ndani ya ule mrija. Vitapelekwa maabara, turudi kusikia.

Zile siku za kungoja, sitaki kukuficha, zilikuwa ngumu. Nilikuwa nashona mikono ya gauni upande mmoja yote miwili. Sadiki alichoma nyama mpaka ikawa mkaa. Siku ya majibu tulikwenda watatu, Bi Zaina katikati, na fimbo yake.

Daktari akasema kimoja kilikuwa cha kawaida. Cha pili kilikuwa kimeshaanza kubadilika. Kingeachwa, baada ya miaka kadhaa kingekuwa kile kile kilichomuua Yusufu. "Lakini hakijafika," akasema. "Tumekitoa chote. Baba Shafi, huna saratani. Utarudi nikuangalie tena kwa muda nitakaokupangia, basi."

Mwanangu, mimi nilipiga kigelegele ndani ya hospitali! Nesi akaja mbio kuninyamazisha, alipoambiwa ni nini akasema, "Haya, kimoja tu kingine." Nikapiga kingine, kirefu! Sadiki alisujudu pale pale sakafuni, akainuka amebeba vumbi la sakafu kwenye paji la uso, anacheka na analia.

Bi Zaina peke yake hakutikisika. Akamwangalia daktari.

"Kimetoka?"

"Kimetoka, Mama."

"Chote?"

"Chote."

Akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, taratibu, "Na cha Yusufu nacho kuna siku kilikuwa kidogo hivyo."

Daktari ndiye aliyeinuka akamkumbatia, na ndipo Bi Zaina alipolia, kwa mara ya kwanza tangu matanga. Mungu amrehemu, aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila Ijumaa alipita jikoni kwa mwanawe kumuuliza kwa sauti, mbele ya wateja wote, choo chake kikoje. Na Sadiki alikuwa anajibu! "Kizuri, Mama!" Wateja wakazoea. Wengine wakaanza kuwauliza wazazi wao.

Sasa sikiliza ninachotaka uondoke nacho. Wewe bado kijana, huenda siku yako ya kupimwa iko mbali. Lakini baba yako je? Mama yako? Shangazi zako? Mtu akikaribia umri wa hamsini, hata kama anabeba mbuzi mzima begani, aende kituo cha afya aulize habari ya kupimwa utumbo mpana. Wakati mwingine wanaanza na kipimo cha choo tu, wanatafuta damu ambayo jicho haliioni, wakiiona ndiyo wanatazama na kamera. Na kama kuna mzazi au ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivi, asingoje hata huo umri, akaulize mapema. Ndiyo maana Shafi wangu na wadogo zake wameshaambiwa na daktari, na kila mmoja anajua mwaka wake wa kwenda, mimi nawakumbusha mpaka wananikimbia. Wakipewa pakiti wazinywe zote, kama walivyoelekezwa, wasijitungie fatwa.

Na mtu akiona damu, au choo kimebadilika hakirudi kama zamani, au anakonda bila sababu, huyo hangoji umri, anakwenda wiki hiyo hiyo. Inawezekana ikawa bawasiri kweli. Basi amwachie daktari aseme ni bawasiri. Mboga nazo wale, isombe ya majani ya muhogo, dodo, yaani mchicha, maharage, sigara waache, na nyama za Babu wasizigeuze chakula cha kila siku. Yeye mwenyewe siku hizi anakuwekea kachumbari nusu sahani, ukikataa anakununia.

Leo ukifika nyumbani, muulize baba yako swali ambalo hakuna anayethubutu kumuuliza: choo chake kikoje, na ameshapimwa? Atakukasirikia. Muulize tena. Ataona haya, mweleze habari za mlango wa bati na kitambaa chekundu, akicheka tu umeshampata.

Unaiona hii suruali iliyolala kwenye cherehani? Ni ya Babu. Kaniletea asubuhi, anasema inambana, nimwongezee kiuno, na si mara ya kwanza mwaka huu. Nimemgombeza sana kwa ajili ya tumbo lake, lakini alipogeuka kurudi jikoni niliishika hii suruali kifuani nikalia kwa furaha, mwanamke mzima.

Nenda mwanangu, Mungu akutangulie. Awape wazazi wako miaka na afya ya kuifaidi, akupe wewe ulimi wa kuuliza na wao moyo wa kujibu. Na kila suruali itakayotoka nyumbani kwenu kwenda kwa fundi, Mungu ajaalie iwe ya kuongezwa kiuno.